Mtoto Anapojifunza Kupanda Punda



Jumapili ya Matawi, baadhi ya parokia humpandisha mtu juu ya punda ili kukumbuka Bwana wetu alivyoingia Yerusalemu. Injili ya Marko yasema mwanapunda yule alikuwa hajapandwa na mtu bado. Watoto wetu hawangoji sikukuu. Vijijini ambako punda hubeba maji, kuni na mahindi, mtoto hujifunza kumpanda mapema, mara nyingi bila kufundishwa na mtu. Hupanda njiani kwenda kisimani, madumu yakiwa matupu. Huko ndiko huanguka.

Sisi wauguzi hatuwakatazi watoto kupanda. Tunawaomba wazazi mambo mawili: wawafundishe, na wasiwatie hofu ya kusema kwamba wameanguka.

KABLA YA KUPANDA

(a) Mtoto amwendee punda kwa ubavuni, karibu na bega, huku akimsemesha. Macho ya punda yako pembeni mwa kichwa, hivyo hamwoni aliye nyuma yake kabisa. Akishtuka, hupiga teke. Akilaza masikio nyuma, amekasirika, aachwe kwanza.

(b) Aanze na punda mpole, mtu mzima akishika kamba. Kwanza akae punda akiwa amesimama, kisha atembezwe polepole. Mbio si za anayeanza.

(c) Kamba isifungwe kamwe kwenye mkono wala kiuno cha mtoto. Punda akikurupuka, mtoto huburutwa juu ya mawe. Aishike kwa namna ambayo ataweza kuiachia mara moja.

(d) Mgongoni liwekwe gunia au blanketi lililokunjwa. Punda wa kawaida asipandwe na mtu anayezidi kilo 50, wala watoto wawili pamoja. Punda aliyelemewa au mwenye vidonda humtupa mpandaji. Mama mjamzito asipande.

(e) Wanaojifunza kupanda farasi huvaa kofia ngumu, na viatu vyenye kisigino ili mguu usinase kwenye kikuku. Kwa punda pia, kofia ngumu ya kuendeshea baiskeli ni afadhali kuliko kichwa kitupu.

AKIANGUKA

Msimwinue kwa haraka. Akilalamika shingo au mgongo, au akishindwa kusogeza miguu, asisogezwe mpaka wapatikane watu wa kumbeba juu ya ubao, kichwa na shingo vikiwa vimenyooka.

Aliyegonga kichwa aangaliwe saa 24, hata kama anacheza. Mkimbizeni hospitali akitapika mara kwa mara, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, au akitoka damu au maji puani au masikioni.

Teke la tumboni lisidharauliwe. Ngozi inaweza kubaki nzima huku bandama au ini vikivuja damu ndani. Mtoto akipauka, akitokwa jasho la baridi, au tumbo likiuma na kukaza, msingoje asubuhi.

PEPOPUNDA

Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, punda na farasi wakiwemo. Huingia hata kwa kidonda kidogo. Ugonjwa huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baadaye: taya hukaza, kumeza huwa shida, kisha mwili hukakamaa. Wengi hufa, hata wakifikishwa hospitali.

Osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi safi. Msipake udongo, majivu wala mavi ya ng'ombe. Kisha mtoto apelekwe zahanati pamoja na kadi yake ya chanjo, kwa maana kinga ya utotoni hupungua miaka ikipita. Wavulana husahaulika zaidi, kwa sababu mama zao na dada zao huchanjwa kliniki ya wajawazito.

Punda akimng'ata mtoto, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Punda naye huweza kupata kichaa cha mbwa.

MTOTO ANAYEFICHA

Tunawapokea watoto waliochelewa, si kwa sababu ya umbali tu, bali kwa sababu walinyamaza. Dumu limepasuka, maji yamemwagika, mtoto anajua fimbo inamngoja. Hujifuta damu, huvaa shati juu ya kidonda, na hulala bila kula. Mama hudhani amechoka.

Wazazi wapendwa, dumu hununuliwa. Usiku wa leo waambieni watoto wenu hivi: ukianguka kwenye punda, njoo useme, hutapigwa. Na siku atakapokuja kusema, timizeni neno lenu.