Kuoa Mkenya hakufuti siku zilizozidi kwenye pasi

Madereva na wafanyabiashara wengi wa Tanzania wanaofanya kazi Kenya wanaamini kwamba mtu akishaoa au kuolewa na Mkenya, habari ya uhamiaji imekwisha. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Inampa mwenzi wa raia njia ya kupata ukaazi wa kudumu, lakini inataka ndoa iwe imetimiza angalau miaka mitatu. Tena hakuna kifungu kinachosema kuwa cheti cha ndoa kinafuta kosa la kubaki nchini baada ya pasi kwisha.

Wengi wanaojikuta hawana karatasi hawakuingia kwa njia za panya. Walipita Namanga, Holili au Horohoro wakagongewa muhuri kama watu wengine. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama anaweza kupewa pasi ya kutembelea nchi nyingine kwa hadi miezi sita. Pasi hiyo ni ya mgeni, wala haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa au kufungua duka la jumla. Wapo pia waliokuwa na kibali cha kazi kilichoombwa na kampuni ya usafirishaji. Kazi ikiisha, kibali nacho hakina kazi tena, ingawa tarehe iliyoandikwa bado iko mbali. Hapo ndipo dereva anapoendelea kuishi Nairobi au Mombasa, amepata mchumba, na hana habari kwamba siku zinahesabiwa.

Jambo ambalo mara nyingi halielezwi ni kwamba Itifaki yenyewe haitoi ukaazi wa kudumu. Nchi wanachama zilikubaliana kwamba suala hilo libaki chini ya sera na sheria za kila nchi. Kwa hiyo anayedai mbele ya ofisa kwamba "sisi ni Afrika Mashariki" hajajibu swali aliloulizwa.

Kwa Kenya, sheria yenyewe ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011. Kifungu cha 37 kinataja wanaoweza kuomba ukaazi wa kudumu, na miongoni mwao ni mwenzi wa raia aliyedumu katika ndoa miaka mitatu au zaidi. Hesabu hiyo inaanzia siku ya ndoa, haianzii siku mtu alipovuka mpaka. Aliyeishi na mwenzake miaka minane wakafunga ndoa mwaka jana bado ana safari ya kusubiri.

Katika miaka hiyo mitatu mtu anatakiwa awe na hadhi nyingine halali. Njia ya kawaida ni pasi ya mtegemezi, ambayo mwenzi Mkenya ndiye anayemdhamini. Inamruhusu kuishi na familia yake, lakini haimruhusu kufanya kazi ya mshahara wala biashara. Dereva anayetaka kurudi kwenye usukani wa lori la Mkenya anahitaji kibali cha kazi, na mwenye mzigo wake sokoni anahitaji kibali cha biashara. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana mume hawezi kukaa miaka mitatu nyumbani akilishwa.

Je, aliyekwisha kupitisha siku afanyeje? Kwanza ajue uzito wa jambo. Kifungu cha 53 kinahesabu kuwepo nchini bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 500,000 za Kenya, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Mbali na mahakama, waziri anaweza kutoa amri ya mtu kuondolewa nchini na kubaki nje kwa muda uliotajwa au bila kikomo. Kwa mwenye mke na watoto Kenya, amri hiyo ni mbaya kuliko faini.

Ndiyo maana kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayekwenda mwenyewe Nyayo House na mwenzi wake wakiwa na cheti cha ndoa, na yule anayeshushwa kwenye kizuizi cha polisi usiku. Wote wawili wana kosa lilelile. Lakini wa kwanza anaomba kurekebisha hadhi yake, na wa pili anajibu mashtaka. Ofisa hana wajibu wa kukubali ombi, na mwenye kosa la muda mrefu anafanya vyema kwenda na wakili badala ya kwenda na "mtu anayejua watu" pale nje ya jengo.

Dawa mbili zinazouzwa mpakani zinaongeza ugonjwa. Ya kwanza ni kutoka kwa njia ya panya na kuingia tena kwa muhuri mpya. Kumbukumbu zitaonyesha kuingia mara mbili bila kutoka, na swali hilo litaulizwa siku ya kuomba ukaazi. Ya pili ni muhuri wa kununua. Huo ni kughushi, kosa jingine kabisa lisilohusiana na ndoa.

Ndoa nayo hutazamwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Ndoa ya mkeka iliyofungwa na shehe mtaani bila cheti inaweza kuwa sahihi kidini na bado isimsaidie mtu uhamiaji. Kwa ndoa ya bomani, taarifa hutolewa siku 21 kabla, na mgeni asiyekuwa mkaazi huleta hati kutoka kwao kuonyesha hana kizuizi cha kuoa.

Baada ya miaka saba ya ndoa, Katiba ya 2010 inampa mwenzi haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, awe mume au mke. Kabla ya hapo haki hiyo ilikuwa ya wanawake walioolewa na Wakenya pekee. Masharti yake ni pamoja na ndoa kutofungwa kwa ajili ya kutafuta faida ya uhamiaji, na mwombaji kutokuwa ametangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku. Mtanzania afikirie mara mbili kabla ya hatua hiyo, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkaazi wa kudumu anabaki na pasipoti yake, ila katika ardhi yeye bado ni mgeni: kiwanja cha godauni atakipata kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99.

Kwa Mkenya aliyeoa Tanzania mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inamwezesha mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa njia ya ndoa, lakini haimpi mume wa Mtanzania nafasi hiyo. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu na ununuzi wa mazao shambani. Raia anayemsaidia mgeni kuzifanya naye ana adhabu. Mume Mkenya anayenunua mahindi vijijini kwa leseni ya mkewe wa Arusha amemwingiza mkewe matatani pamoja naye.

Watoto wana hesabu yao. Mtoto ambaye mama au baba yake ni Mkenya ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, hata akizaliwa Tanga, na hadhi ya mzazi wa pili haimgusi. Anaweza kuwa na uraia wa Tanzania pia akiwa mdogo. Akifika utu uzima, sheria ya Tanzania inamtaka achague mmoja.