Mashine ya Kuoshea Vyombo: Maji Kwanza, Bodi Baadaye (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza namna mashine ya kuoshea vyombo inavyofanya kazi. Sasa tuingie katika maradhi yake. Mashine ikigoma, lawama huangukia haraka bodi ya umeme, kipuri ghali kuliko vingi na kisichoonekana kwa macho ya mwenye nyumba. Hukumu hiyo naiona ya pupa. Mashine hii ni chombo cha maji kabla ya kuwa chombo cha umeme, na anayetaka kujua ubovu ulipo ayafuate maji tangu yanapoingia hadi yanapotoka. Ndivyo ilivyobuniwa: Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, aliyepewa hataza ya mashine yake huko Marekani mwaka 1886, alitegemea msukumo wa maji kuondoa uchafu badala ya kusugua. Vifaa vya elektroniki vilikuja miaka mingi baadaye, kuyasimamia maji hayohayo.

Tuanzie kwenye koki. Mashine nyingi huhitaji msukumo wa bar 0.3 hadi 0.5 kwa uchache, na kiwango halisi kimeandikwa katika kitabu cha maelekezo. Maji yenye kimo cha mita 10 hutoa takriban bar 1. Basi tangi lililokaa mita 3 juu ya koki ya jikoni hutoa bar 0.3 tu, tena kabla hujahesabu kinachopotea kwenye viungo vya bomba na kwenye kichujio kidogo cha waya kilicho mdomoni mwa vali ya kuingizia maji, ambacho hujaa mchanga na kutu. Mashine husubiri, maji hayatoshi, inasimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Katika nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa inayotegemea tangi la juu, huenda ndani ya mashine hakuna kilichoharibika. Kupima ni rahisi: funga koki, fungua mpira upande wa mashine, uelekeze kwenye ndoo, kisha fungua koki. Maji yakichuruzika kinyonge, fundi wa bomba ndiye anayehitajika.

Msomaji atauliza: kama mashine yenyewe huandika alama ya hitilafu, ya nini kuhangaika? Ni kwamba alama hutaja kipimo ambacho hakikufikiwa, wala haimtaji aliyekizuia. Alama ya maji machafu kutotoka haithibitishi kwamba pampu imekufa. Kijiti cha meno au kipande cha glasi kinaweza kuwa kimebana panga la pampu; mpira wa kutolea maji unaweza kuwa umekunjika nyuma ya kabati; bomba la sinki linaweza kuwa limeziba kwa mafuta. Mfano mwingine hupotosha zaidi. Mtu ameishiwa sabuni ya mashine, anatia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Povu linajaa, pampu inavuta hewa badala ya maji, vyombo vinabaki vichafu, na povu likipenya nje linageuka maji katika sinia la chini. Kwenye sinia hilo, katika mashine nyingi, kuna boya. Likinyanyuka, mashine huamini kwamba inavuja, nayo husukuma maji nje bila kukoma. Mwenye nyumba husikia pampu ikinguruma saa nzima na kusema bodi imeungua. Dawa yake ni kuchomoa plagi, kukausha sinia na kusuuza povu lote. Kwa anayetumia maji ya kisima yenye chokaa, atazame pia matundu ya mikono inayonyunyiza. Ukoko mweupe huondoka kwa asidi ya limao.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, nami nalikubali nusu. Maji na umeme havichezewi. Lakini kazi zote zilizotajwa hufanyika plagi ikiwa imechomolewa, na hata hita hupimwa hivyohivyo: ya wati 1,800 hadi 2,000 kwa volti 230, waya zake zikiwa zimetenganishwa, inapaswa kusoma kati ya omu 26 na 29 hivi. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Sikatai kwamba bodi huungua, hasa pale umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu. Nakataa tu ishukiwe kwanza. Vali, pampu na hita zikikutwa nzima, hapo bodi inastahili kushukiwa, na fundi aitwe aambiwe yaliyopimwa na namba zilizosomwa. Kuzipima rilei za bodi ni kazi ya sehemu ya tatu.