Mikoko ya Gazi Hulindwa Kuanzia Shimba

Anayesafiri kutoka Diani kwenda Msambweni huiacha Gazi mkono wa kushoto, na mara nyingi hajui kwamba nyuma ya minazi ile kuna msitu wa takriban hekta 600. Ghuba yake imekingwa na kisiwa cha Chale na miamba ya matumbawe, kwa hiyo mawimbi hufika yakiwa yamechoka, na tope hupata nafasi ya kutulia. Kwa kuwa mikoko inaota majini, tumezoea kuihesabu kuwa mali ya bahari. Hesabu hiyo ni nusu. Mito miwili, Mkurumudzi na Kidogoweni, huteremka kutoka vilima vya Shimba na kumwaga maji humo humo ghubani, na naona ulinzi wa msitu huu umeegemea mno upande wa pwani huku mito ikisahauliwa.

Bamvua linapojaa, bahari hupanda zaidi ya mita 3 juu ya maji makavu na kuingia ndani kabisa ya msitu. Kila mti una mahali pake: mlilana husimama mbele ukitazama bahari, mkoko hufuata kwenye tope laini, mkandaa hushika sehemu za juu, na mchu huvumilia hata kule nyuma ambako maji hufika siku chache tu kwa mwezi. Huko nyuma ndiko mto unakohitajika zaidi. Jua hukausha maji, chumvi inabaki, na mvua na mito isipoipunguza, mchu ambao ungekuwa mti mkubwa hudumaa ukawa kichaka cha kufika kiunoni. Atakayesema kwamba mikoko huota hata pasipo mto amesema kweli, ila kuota ni jambo moja na kunenepa hadi kutoa boriti ni jingine.

Basi mto ukileta vingi, si ndiyo heri? Hapana. Inama chini ya mchu wakati maji yametoka: utaona vijiti vingi vyembamba vimechomoza kutoka topeni, urefu wa kidole au zaidi. Hiyo ni mizizi, na kwa vitundu vyake mti huvuta hewa ambayo tope halina. Ikifukiwa na mchanga kwa ghafla, mti hukosa pumzi na kufa umesimama. Ndivyo ilivyotokea kwenye hori la Mwache, mpakani mwa Kwale na Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposomba udongo wa mashamba ya juu na kuumwaga juu ya mikoko. Hakuna aliyeshika shoka, na msitu ukafa.

Gazi yenyewe iliumizwa na shoka. Katika miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, na sehemu nyingine hazikuota tena zenyewe mpaka watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na wanakijiji walipoanza kupanda upya miaka ya 1990. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117, na fedha zake zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya shule. Ni kazi ya kupigiwa mfano, nami sioni haya kuisifu. Lakini doria ya msituni humzuia mkataji. Udongo unaoteremka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa Mkurumudzi haiuzuii.

Pingamizi zito zaidi ni la watu wa juu: wao pia wanahitaji maji na ardhi, na hawawezi kuacha kulima kwa ajili ya miti ya pwani. Ni haki yao. Hata hivyo, Sheria ya Maji ya 2016 inataka kiasi fulani cha maji kitengwe kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe kabla ya vibali vingine, na ukanda wa nyasi na miti ukingoni humhifadhia mkulima udongo wake mwenyewe. Bwawa la Mkurumudzi lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa titani, na mgodi huo ulisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024. Maji yake sasa yagawanywe vipi? Wanaogawa wanapokaa, watu wa Gazi na Makongeni wawepo mezani pamoja na wakulima wa miwa na wa mahindi. Kule Vanga, kusini zaidi kwenye pwani hiyo hiyo, kazi ni ngumu zaidi, kwa maana mto Umba unaolisha mikoko yake, na kufurika mitaani mwake, huanzia milima ya Usambara nchini Tanzania; huko makubaliano ya kijiji hayatoshi, na serikali mbili hazina budi kuzungumza.