Ndui, Tauni na Swali la "Kwa Nini"

Mara nyingi mwalimu hufundisha magonjwa ya kuambukiza kwa kuandika orodha ubaoni: ugonjwa, dalili, kinga. Wanafunzi huinakili, huikariri, kisha huisahau. Yafaa kuwapa swali linalodai sababu: kwa nini chanjo iliimaliza ndui, lakini haikuimaliza tauni?

Anza na kisa cha Nairobi. Mwaka 1902, miaka mitatu baada ya reli kufika hapo, Dakta Rosendo Ribeiro alitambua tauni katika soko la wafanyabiashara wa Kihindi. Wakuu wa kikoloni waliamuru soko lichomwe moto. Chanjo ya tauni ilikuwapo tayari. Waldemar Haffkine aliitengeneza Bombay mwaka 1897, ingawa kinga yake haikudumu. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata tauni ilirudi Nairobi.

Hapo waulize wanafunzi: moto uliunguza nini, na ulikosa nini? Chora ubaoni panya, kiroboto na mtu, uviunganishe kwa mishale. Panya mgonjwa akifa, viroboto humhama na kutafuta damu kwingine. Nyumba ikiungua, panya walio hai hukimbilia nyumba nyingine pamoja na viroboto wao.

Kisha linganisha na ndui. Virusi vyake viliishi kwa binadamu peke yake. Watu walipochanjwa, na wagonjwa wakatengwa, vilikosa makao. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. Vijidudu vya tauni huishi pia katika panya wa porini, na hao hakuna awezaye kuwapanga mstari wachanjwe.

Kwa mwalimu atakayefundisha Daudi, haya si mambo ya mbali, kwani Wilaya ya Mbulu imewahi kupatwa na tauni. Wanafunzi wachunguze nyumbani jinsi mahindi yanavyohifadhiwa, na panya hupitia wapi. Wajue kwamba panya aliyekufa haguswi, bali mtu mzima huarifiwa. Na kwamba mwenye homa na mitoki hupelekwa zahanati upesi, maana tauni hutibika ikiwahiwa.

Mwisho wa somo, rudia swali la kwanza. Mwanafunzi atakayeeleza sababu kwa maneno yake mwenyewe ndiye aliyejifunza.