Nguzo ikiugua, krepi haiiponyi

Wengi wetu tunashuka shimoni Kamituga ao Misisi juu ya kitu kimoja: kujenga nyumba ya simenti Uvira. Ile nyumba njo pensheni yetu.

Lakini maji yanatufuata. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wakakufa, nyumba zikaenda. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda na kuingia katika nyumba za kando. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, huko Kalemie. Maji yakizidi, hayashuki haraka.

Yakishuka, tunapaka krepi na rangi mpya, tunasema imeisha. Haijaisha. Ugonjwa uko ndani.

Betoni nzuri inakinga chuma kisishike kutu. Sisi tunapiga betoni ya maji mengi na simenti kidogo, tena vyuma tunaviacha karibu na inje. Hewa na maji vinapenya. Nguzo inalowa, inakauka, inalowa tena, na hapo njo kutu inapenda. Tusisingizie chumvi: ziwa letu haliko bahari. Kutu ikizaliwa inavimba, inachukua nafasi mara 2 na zaidi ya chuma ilichokula. Mchimbaji anaelewa: ni kabari ndani ya mwamba.

Angalia ufa unaofuata chuma, na alama nyekundu kama udongo. Kisha gonga na nyundo, sawa vile tunagonga mwamba mbele ya kuingia. Ikilia tupu, betoni imeachana na chuma.

Dawa iko hivi. Kwanza, tegemeza dari kwa miti mikubwa, na tengeneza nguzo moja moja. Pili, toa betoni yote mbovu kwa burini mpaka nyuma ya chuma, nafasi ya vidole 2. Tatu, sugua chuma kwa burosi ya waya mpaka king'ae. Kikiwa kimeliwa robo, funga kingine kando yake, kipite sehemu mbovu juu na chini. Ine, lowesha betoni ya zamani, halafu jaza mpya: simenti 1, mchanga safi 3, maji kidogo. Chuma kifunikwe sentimeta 4 ao 5. Tano, funika na magunia yenye maji siku 7.

Nguzo imepinda, ao chuma kimekatika kabisa? Toa watoto ndani, ita enjenia.

Kazi hii ifanywe kiangazi, mbele mvua haijarudi. Muulize masoni: utafika nyuma ya chuma? Akijibu krepi inatosha, tafuta mwingine.

Sisi wa sendika tunadai miti mizuri shimoni juu mchimbaji asifunikwe. Basi na watoto wake wasifunikwe na nyumba aliyowajengea.