Gari la umeme, jipya au lililotumika: Tuliyojifunza Mbamba Bay kabla ya kutoa fedha za waumini

Kwa miaka kadhaa waumini wa msikiti wetu hapa Mbamba Bay wamekuwa wakichanga kidogo kidogo kwa ajili ya gari. Wamechanga wauza usipa, wavuvi, walimu, na akina mama wanaopika chapati alfajiri kabla mitumbwi haijarudi. Nia ni moja: tupate chombo cha kumpeleka mgonjwa Mbinga, na inapobidi Songea, bila kumwamsha mwenye gari usiku wa manane na kuanza kupatana naye bei huku mzazi mwenye uchungu amekaa kizingitini. Aliyewahi kushuhudia hali hiyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Fedha zilipokaribia kutosha, tulipata ujumbe kutoka kwa kijana wetu aliyesoma madrasa hapa hapa, na ambaye sasa anafanya kazi Kanada. Alikuwa amenunua gari la umeme lililotumika, na furaha yake ilikuwa kubwa. Halitaki petroli, halina oili ya injini ya kubadilisha wala plagi za kuungua, na usiku analichomeka ukutani kama simu. Akatushauri nasi tufanye hivyo. Haukupita muda, muuzaji mmoja alitutumia picha za gari kama hilo, lililotumika Japani, kwa bei iliyotufanya tutazamane. Nusu ya kamati walikuwa tayari kutoa malipo ya awali.

Tunaandika makala haya kwa sababu twajua si sisi pekee. Familia nyingi zenye ndugu ughaibuni zinapokea ushauri huo huo, na ni ushauri wa mapenzi. Lakini ushauri ulio sahihi Kanada hauwi sahihi ziwani Nyasa mpaka upimwe upya.

Jambo lenyewe si ndoto

Kwanza tuwe waadilifu. Gari la umeme si mzaha wala anasa ya matajiri peke yao. Jijini Nairobi mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria tangu mwaka 2022. Ethiopia, mwaka 2024, ilizuia kabisa kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Na mkoa wetu wa Ruvuma, uliokuwa ukitegemea majenereta, uliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia kubwa itokayo Makambako hadi Songea. Basi mtu akisema gari la umeme litafika vijijini, hasemi upuuzi.

Mnunuzi wa Kanada na mnunuzi wa Mbamba Bay

Tulimwomba kijana wetu atueleze jinsi watu wa huko wanavyonunua. Serikali ya Kanada ilianza Mei 2019 kumpunguzia mnunuzi wa gari jipya la umeme hadi dola 5,000 za huko, na mpango huo ukasimama Januari 2025 fedha zilipokwisha. Nafuu hiyo ya serikali kuu ilikuwa ya magari mapya. Anayenunua lililotumika hunufaika kwa njia nyingine, maana bei huwa imeshashuka, na dhamana ya betri, ambayo aghalabu ni miaka 8 au kilomita 160,000, humfuata mmiliki wa pili kwa muda uliobaki. Hofu yao kubwa ni baridi. Chama cha wenye magari cha Kanada, CAA, kilipoyajaribu magari hayo katika majira ya baridi mwaka 2025, yalipoteza kati ya asilimia 14 na 39 ya umbali yanaoahidiwa kusafiri.

Kwetu hakuna theluji, ila tuna mlima. Na dhamana haivuki bahari: gari likishaondoka Japani na kushushwa Dar es Salaam, kampuni iliyoliuza mara ya kwanza haikujui. Hata kumwomba kijana atununulie huko Kanada hakufai, kwa kuwa magari yao yana usukani kushoto, na vichwa vya chaja ya haraka vya mengi kati ya magari yao si sawa na vile vya Japani. Kwa hiyo mnunuzi wa hapa huangukia lile la Japani, lenye usukani kulia, ambalo aghalabu ni Nissan Leaf.

Ukinunua gari hilo, umenunua betri

Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, yaani uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Baadaye zikaja za uniti 30, kisha 40, kisha 62. Betri za matoleo hayo hazina mfumo wa maji wa kuzipoza, hutegemea hewa tu. Nasi twajua joto la ufukweni kwetu mwezi Novemba lilivyo.

Betri huchakaa hata gari likiwa safi. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Gari jipya huwa navyo vyote. Likibaki na 8, betri inabeba takriban theluthi mbili tu ya ilichobeba ilipokuwa mpya. Rangi inaweza kung'ara, viti vikawa havina doa, nayo matairi yakawa mapya, lakini gari likawa limezeeka mahali pasipoonekana. Na bei ya betri nyingine yaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Hesabu ya mlima

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, nasi twamshukuru Mola kwa lami hiyo. Lakini ziwa liko chini, na Mbinga iko juu katika nchi ya Wamatengo. Tofauti ya kimo haipungui mita 800. Tulikaa na mwalimu wa fizikia wa sekondari tukapiga hesabu kwa makadirio. Katika barabara tambarare, gari la namna hii hutumia uniti 14 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 66 zingetaka uniti 9 au 10. Ongeza kazi ya kuwapandisha watu wanne pamoja na gari mlimani, uniti 4 au 5 nyingine. Jumla ni kama uniti 14 kwa kwenda tu.

Betri ya uniti 24 iliyo nzima itapanda mlima huo na kubakiza akiba. Ile iliyobakiwa na vijistari 8 ina uniti 15 au 16 kwa jina, na si zote zinatumika. Itafika Mbinga kwa kubahatisha, au itasimama njiani, mahali mtu asipopajua, saa nane usiku, na mzazi yumo ndani. Songea, iliyo zaidi ya kilomita 160 kutoka hapa, isitajwe kabisa.

Kushuka ni habari nyingine. Mota ya gari la umeme hugeuka jenereta kwenye mteremko, ikarudisha sehemu ya umeme betrini na kuzipumzisha breki. Ila ukiwa umejaza betri mpaka ukingoni kule juu, hakuna pa kuurudishia, na neema hiyo hupotea kwa kilomita za mwanzo.

Umeme wa nyumbani

Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na upotevu wakati wa kuchaji, inaweza kula uniti 22 au 23. Kwa bei tunayoifahamu ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo kodi na tozo huifikisha karibu 356, hiyo ni kama shilingi 8,000. Gari la petroli linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 lingetaka zaidi ya lita 10 kwa safari hiyo. Petroli ikiwa shilingi 3,000, ni zaidi ya shilingi 30,000. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo iliyotuvuta.

Lakini familia ijihadhari na jambo moja. Nyumba nyingi zetu ziko katika daraja la matumizi madogo, ambapo uniti 75 za kwanza kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Safari nne za Mbinga peke yake zitavuka uniti hizo, na nyumba nzima, taa na friji na yote, yaweza kuhamishiwa daraja la juu. Ihesabu gharama hiyo pia.

Kadhalika soketi ya kawaida huchukua saa 10 hivi kujaza betri ya uniti 24. Inahitaji waya wake peke yake, sakiti breka yake, na waya wa ardhi uliopimwa na fundi mwenye leseni. Usiichajie kwenye kebo ya kuungaunga iliyopitishwa dirishani. Umeme ukikatika jioni, asubuhi huna gari. Na kituo cha kuchajia cha njiani usikiweke katika hesabu mpaka umekiona kwa macho yako kikifanya kazi. Betri ya gari hili ina zaidi ya volti 300. Nyaya zake kubwa zimepakwa rangi ya chungwa kuwa onyo. Fundi wetu hodari wa dizeli asizishike kabla hajafunzwa.

Ushuru na umri

Gari lililotimiza miaka 8 kwa kawaida huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu, na likizidi miaka 10 ushuru huo hupanda tena. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti yao. Kitumieni kabla ya kupatana bei. Tuliona hapo mtego: gari la umeme la zamani ni rahisi Japani kwa sababu betri imechoka, kisha likifika kwetu linatozwa zaidi kwa sababu ni la zamani. Mnunuzi anaumia mara mbili.

Ama kuhusu gari jipya, lina dhamana, lakini ulizeni kwa maandishi kama dhamana hiyo inatambuliwa Tanzania, na fundi wake yuko mji gani. Bei yake ilituzidi. Mjumbe mmoja alipendekeza tujazie kwa mkopo wa riba, tukamwambia kwa upole kwamba mlango huo haufunguliwi kwa mali ya msikiti. Anayetaka kujazia aulize murabaha, ambamo benki hununua kitu kisha ikamuuzia kwa bei na faida inayojulikana tangu mwanzo.

Swali la mzee

Mwenyekiti wetu ni mjomba wa yule kijana wa Kanada. Usiku mmoja alimpigia simu nasi tukiwapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Hilo gari lako, mgonjwa akiwa ndani, usiku, theluji inaanguka, ungeliamini limfikishe hospitali iliyo mbali kama Mbinga?"

Kijana alinyamaza kidogo. "Langu ningeliamini, mjomba, kwa sababu nililipimisha betri kabla ya kulinunua, na najua linapoishia. Hilo mlilotumiwa picha silijui."

Kesho yake tukamwandikia muuzaji tukiomba picha moja tu, ya dashibodi ikiwa imewashwa. Akatuma viti. Tukaomba tena, akatuma matairi. Mara ya tatu akajibu kwamba yupo mnunuzi mwingine, na malipo ya awali yawe yamefika kabla ya magharibi. Hapo tukasimama.

Twakumbuka kisa kilichopokewa na Imamu Muslim: Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikagusa unyevu uliofichwa chini. Akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akawakana wenye kughushi. Betri iliyochoka chini ya rangi mpya ni nafaka ile ile. Fiqhi inampa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye aibu iliyofichwa. Lakini ni nani atakayelirudisha gari Japani kutoka Mbamba Bay? Haki hiyo kwetu yapasa itumike kabla ya kulipa.

Tulivyoamua

Tumeandika masharti katika kitabu cha kumbukumbu. Gari la wagonjwa likiwa la umeme, betri yake isiwe chini ya uniti 40, na uzima wake, uliothibitishwa kwa kipimo, usiwe chini ya asilimia 80. Lipandishwe mlima wa Mbinga likiwa na watu wanne kabla ya malipo ya mwisho. Awepo fundi aliyefunzwa ndani ya mkoa. Lisipopatikana la namna hiyo, tutanunua la dizeli bila kuona haya.

Wajumbe wawili hawakuridhika. Walisema, na ni kweli, kwamba tukisubiri gari zuri, wagonjwa hawasubiri. Kwa ajili ya neno lao tumefanya mapatano na wenye magari wawili wa hapa mjini: mgonjwa yeyote, awe Muislamu au si Muislamu, achukuliwe saa yoyote kwa bei moja iliyokwisha kukubaliwa, na mfuko wa msikiti umlipie asiye na uwezo. Tangu hapo hakuna aliyepatana bei kizingitini.

Fedha zilizobaki zipo benki, na hesabu yake imebandikwa ukutani mwa msikiti kila mchangiaji aione. Wabillahi tawfiq.