Mkopo wa Nyumba kwa Watumishi: Unafuu Wake na Hukumu Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi akina mama, wazee na wanafunzi mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika ibada na katika mali.

Leo twataka kueleza jambo linaloulizwa mara nyingi na watumishi wa umma wa Arusha na wa vitongoji vya Mlima Meru. Mwalimu wa Ngaramtoni, muuguzi wa Usa River, askari wa Monduli, na mzee aliyekwisha kustaafu jeshini, wote huambiwa kwamba upo mkopo wa nyumba wenye riba nafuu, unaolipwa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara. Nao huuliza: Je, unafuu huo ni wa kweli? Na Mwislamu ana ruhusa ya kuuchukua?

Ndugu zetu, kutafuta nyumba si kosa. Katika Sura An-Nahl, Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba miongoni mwa neema zake, kuwa ni mahali pa utulivu. Mtu anayelipa kodi ya pango kila mwezi, naye hajui kama mwakani atakuwa Sombetini au Moshono, hakosi wasiwasi juu ya wanawe. Tena, hapa hapa Arusha ndipo lilipopitishwa Azimio la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini funzo lake lingali na faida: nyumba kwanza ni makazi ya binadamu, ndipo iwe chombo cha kuchumia.

Sasa tuangalie mikopo hii ilikotoka. Nchi nyingi zimeona kuwa mtumishi ana mshahara wa hakika, ila hana fedha za kununua nyumba kwa mara moja. Marekani ilitunga sheria mwaka 1944 kwa ajili ya askari waliorudi vitani. Serikali ikawa mdhamini wao mbele ya wakopeshaji, nao wakapata nyumba kwa masharti mepesi. Jirani zetu wa Kenya waliunda mfuko wa nyumba za watumishi wa serikali mwaka 2004, na riba yake ikawekwa kuwa asilimia 5 kwa mwaka.

Nasi Tanzania tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Benki hiyo iliwawezesha wafanyakazi wengi kujenga, lakini ilifungwa mwaka 1995. Sababu zake zilikuwa kadhaa, na mojawapo kubwa ni madeni yasiyolipwa. Tuzingatie hapo. Aliyeacha kulipa alidhani anaidhulumu serikali, kumbe alikuwa akimfungia mlango mtumishi aliyekuja nyuma yake. Baadaye, mwaka 2002, serikali iliunda Wakala wa Majengo, na katika miaka hiyo nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu kwa mikopo hiyo. Kisha mifuko ya hifadhi ya jamii na mashirika mengine ya umma yakaunda Watumishi Housing, kampuni ya kuwajengea na kuwauzia nyumba watumishi wa umma.

Ndugu Waislamu, neno "nafuu" lataka hesabu. Tuchukue mfano wa shilingi 30,000,000 zinazolipwa kwa miaka 15. Riba ikiwa asilimia 15 kwa mwaka juu ya deni lililobaki, rejesho la mwezi hukaribia shilingi 420,000, na jumla yake hupita milioni 75. Riba ikiwa asilimia 5 kwa hesabu hiyo hiyo, rejesho ni kama shilingi 237,000, na jumla hukaribia milioni 42 na laki 7. Tofauti hiyo ni kubwa mno, wala hatuwezi kuikana.

Lakini ziko hesabu za namna mbili. Ya kwanza ndiyo tuliyoitaja: riba hutozwa juu ya deni lililobaki, nalo deni hupungua kila unapolipa. Ya pili hutoza riba juu ya mkopo mzima tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, hata kama umekwisha kulipa nusu. Kwa hesabu hii ya pili, asilimia 5 ile ile ya milioni 30 kwa miaka 15 ni riba ya milioni 22 na nusu, na jumla ni milioni 52 na nusu. Asilimia ni moja, lakini tofauti yakaribia milioni 10. Basi anayeuliza asilimia peke yake hajauliza kitu. Na aulize: jumla nitakayolipa ni shilingi ngapi?

Kadhalika na aulize miaka. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Anayekopa akiwa na miaka 50 kwa mkataba wa miaka 15, deni litamfuata katika uzee na kuyala mafao aliyoyasubiri maisha yake yote. Vile vile kanuni yataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Hiyo ni kinga ya mwisho, wala si kipimo cha kukopea. Mwenye mshahara wa shilingi 900,000 akibakiwa na 300,000, watoto watakula nini, na ada italipwa kwa fedha gani?

Sasa twaja kwenye hukumu. Qur'ani imetenga biashara na riba, ikahalalisha ile na kuharamisha hii, wala haikusema kuwa riba ikiwa ndogo yaruhusiwa. Mwezi Desemba mwaka 1985, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah, ikaamua kwamba ziada inayotozwa na benki juu ya deni ni riba iliyoharamishwa. Ni kweli kwamba mwaka 1999 baraza moja la wanazuoni wa Ulaya liliwaruhusu Waislamu wa huko, kwa sababu ya dharura, kununua nyumba ya kukaa kwa mkopo wa riba pale wasipopata njia nyingine. Wanazuoni wengi hawakukubaliana nao. Hata hivyo, ruhusa yenyewe ilifungwa kwa sharti la kukosa njia. Basi sisi yatupasa tuulize kwanza: Je, njia hatuna?

Njia zipo. Benki ya Amana, ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ilifunguliwa mwaka 2011, na baadhi ya benki nyingine zina huduma za namna hiyo. Utaratibu wa kwanza ni murabaha: benki huinunua nyumba kwa milioni 30, ikaimiliki, kisha ikakuuzia kwa milioni 42 kwa mafungu ya miaka 15. Faida imo ndani ya bei, bei yajulikana siku ya mkataba, wala haipandi. Utaratibu wa pili ni ushirika unaopungua. Nyumba ni ya milioni 40. Wewe watoa 10, benki yatoa 30. Wewe una robo, benki ina robo tatu. Unailipa benki kodi ya sehemu yake, huku ukiinunua sehemu hiyo kidogo kidogo hata nyumba yote iwe yako.

Wako wasemao kuwa hayo ni majina tu. Twawajibu: mkopeshaji wa riba huuza fedha kwa fedha, na hasara yote ni yako. Muuzaji humiliki nyumba kwanza, na ikipata hasara ikiwa mikononi mwake, hasara ni yake. Kwa hiyo ukakague: je, benki hiyo kweli imenunua, au imeandika tu karatasi? Ikiwa imeandika tu karatasi, basi maneno ya wasemao yamekuwa kweli. Tena usidhani kuwa halali ni rahisi siku zote. Linganisha jumla kwa jumla.

Iko na njia ya wazee wetu: kununua kiwanja kwanza, kuweka akiba, na kujenga chumba baada ya chumba. Yachelewa, lakini haina mdai. Nao wenye viamba kwenye miteremko ya Meru wasiharakishe kuweka ardhi ya ukoo rehani kabla ya kukaa na wenzao. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ya ridhaa ya mwenzi. Hivyo ndivyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyotaka. Bwana asiyemshirikisha mkewe amevunja sheria na amevunja amana.

Ama aliyekwisha kutia saini mkopo wa riba, asikate tamaa. Atubie, amalize deni mapema kadiri awezavyo, na aulize kama laweza kuhamishiwa kwenye utaratibu wa halali. Lakini asiseme kwamba kwa kuwa ni riba, basi halipi. Mkataba ni ahadi, na Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika madeni.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari tatu bila ya kuacha cha kulilipia. Akawaambia masahaba wamsalie mwenzao. Hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa dinari tatu zilikuwa na uzito huo, vipi milioni arobaini? Kwa hiyo kila mwenye deni na aliandike, ahali zake walijue, kwa sababu deni hulipwa kabla ya warithi kugawana.

Ewe Mola wetu, turuzuku makazi ya halali, utulipie madeni yetu, uwape nafuu watumishi wetu na wastaafu wetu, na uzijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa amani. Amin.